Kufundisha Mapinduzi Likoni

Mliniomba, walimu wangu vijana wa idara ya historia, niwaandikie kurasa chache kabla sijasahau. Kusahau bado. Kuchoka ndiko kulikotangulia. Nimebaki na koo lililokaushwa na vumbi la chaki, na sauti ambayo hata nikiomba chumvi mezani hutoka kama ninayeliambia darasa zima linyamaze. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nikilipwa nini. Hayo mtayapata wenyewe, au msiyapate. Nitawaeleza nilivyowafundisha watoto wa Likoni mageuzi makuu ya dunia, na mwaka mmoja ambao somo lilitoka kitabuni likaja likakaa mlangoni petu.

Mimi ni mtu wa Timbwani, hapa hapa Likoni. Baba yangu, Mzee Omari, alikuwa mkulima wa minazi na mihogo kama baba yake. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipewa shule ya kutwa iliyo karibu sana na kwetu, hata adhana ya msikiti wetu ikisikika darasani. Watu walisema nina bahati. Ilikuwa bahati, ila mwalimu anayefundisha mtaani kwao hana saa ya kutoka kazini. Ukisimama kununua samaki, mzazi anakuuliza mbele ya watu kwa nini mwanawe hajui vita vya dunia vilianzia wapi.

Siku ya kwanza nilipangiwa kidato cha pili, mada ya Mapinduzi ya Kilimo kule Uingereza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na mtihani wa Kiingereza, nami nikawamiminia Kiingereza changu chote cha chuoni. Matajiri walizungushia ua mashamba ya wazi yaliyokuwa yakitumiwa na watu wote. Mbinu mpya zikaingia, mazao yakaongezeka, wakulima wadogo wakahamia mijini kutafuta kazi viwandani. Darasa likanakili. Hakuna aliyeinua uso. Nikaona nafundisha vizuri.

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mkuu wa idara, Mwalimu Kilonzo, Mkamba wa Kitui, mwembamba, mwenye shati jeupe na doa la wino kwenye mfuko ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa nalo. Kipindi kilipoisha alinifuata nje.

"Mwalimu Mwanaisha, huo ua uliwekwa na nani?"

"Na matajiri."

"Na yule aliyekuwa shambani siku hiyo, alikuwa anafanya nini?"

Nikafunua kurasa. Kitabu hakikusema.

"Alikuwa analima," akasema. "Aliamka asubuhi akakuta ua. Anzia hapo."

Kesho yake nikaanzia hapo, na nikaanza kwa Kiswahili. Nikawaambia wamfikirie bibi yao ameamka, anakwenda kuchuma mchicha pale alipouchuma siku zote, anakuta seng'enge na mlinzi. Mikono ikainuka. Msichana mmoja akauliza kama watu hao walikuwa na hati. Nikasema hapana, walikuwa wakikaa tu, tangu babu zao. Mwenzake akasema polepole, "Basi ni maskwota." Darasa zima likamgeukia, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na jamaa aliyeitwa hivyo juu ya ardhi aliyozaliwa. Tangu siku hiyo sikupata shida ya kuwafanya wakumbuke. Shida ilikuwa kuwarudisha Uingereza.

Neno mapinduzi lenyewe liliwasumbua. Kwao kinachopinduka ni lori kwenye barabara ya Lunga Lunga. Mimi nilitaka kulisahihisha jambo hilo, Kilonzo akanikataza. Siku moja aliingia darasani kwangu akawauliza, "Lori likipinduka, anayeumia kwanza ni nani?" Wakamjibu kwa pamoja, "Utingo." Akasema, "Basi mkiandika habari za mapinduzi yoyote, mwandikeni utingo kwanza. Dereva ana watu wengi wa kumwandika." Nimesahihisha mitihani mingi baada ya hapo, na bado nikikutana na jibu lililoanza na wale waliokuwa juu ya mzigo, najua limetoka kwetu.

Chombo kikuu cha Kilonzo kilikuwa kamba ya katani. Aliifunga kutoka dirisha hadi dirisha, akabana vipande vya karatasi kwa vibanio vya nguo: mtu alipoanza kupanda mbegu, mtu alipoanza kufua chuma, mashine ya mvuke, biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, Afrika kugawanywa, vita vikuu viwili, uhuru. Sehemu kubwa ya kamba ilikuwa tupu, halafu mwishoni kabisa karatasi zikasongamana kama nguo za familia kubwa siku ya jua. Watoto walicheka, lakini walielewa kwamba mambo yameanza kwenda mbio juzi tu. Chukueni hilo. Msitumie kamba ya nailoni, inalegea, na kabla kipindi hakijaisha uhuru unawalalia wa mstari wa mbele kichwani.

Katika miaka hiyo ya kwanza dunia nayo haikuwa na adabu ya kungoja vitabu. Nilikuwa nimefundisha Ujerumani mbili kwa bidii, na mipaka yake nimeichora ubaoni kwa rangi. Asubuhi moja Kilonzo akaja ofisini na redio yake ndogo kwapani. "Futa ubao, Mwalimu," akasema. "Ukuta umevunjwa." Baadaye dola kubwa ya Kisovieti nayo ikatawanyika, na sisi tulikuwa tumetoka tu kuletewa ramani mpya ya ukutani ambayo dola hiyo imejaa kutoka pembe hadi pembe. Hatukuletewa nyingine. Tulibandika vipande vya karatasi juu yake, na joto la hapa likawa linaibandua gundi. Kwa muda mrefu, katika shule yetu, dola ile ilianguka kila Jumatatu na kurudi kila Ijumaa.

Kwa vita vya kwanza vya dunia nilikuwa na nyanya yangu. Yeye hakujua kulikuwa na vita vya dunia. Alijua vita vya Mjerumani, ambavyo mjomba wake alichukuliwa kwenda kubeba mizigo na hakurudi. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuwauliza wazee wao, na wengi wakarudi na mjomba wa namna hiyo. Hapo ndipo nilipopata kujua kwa nini naipenda kazi hii, nami nilikuwa bado na nguvu za kuipenda.

Sasa nifike kwenye ule mwaka wa vurugu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kilonzo alikuwa akiwafundisha kidato cha nne masomo ya ziada asubuhi. Yeye, mkewe Mama Mutua na watoto wao wawili walikuwa wapangaji wa baba yangu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kwetu. Kulikuwa na vikaratasi vilivyotupwa mitaani vikiwataka watu wa bara, waliohamia kama Kilonzo, waondoke Likoni. Watu walivisoma, kisha wakafungia maandazi. Halafu kituo cha polisi kikavamiwa, watu wakauawa, vibanda vikatiwa moto, na asubuhi tukaamka moshi umetanda. Kilonzo alikuwa amevuka kwa feri kwenda mjini kisiwani siku iliyotangulia kwa shughuli zake, na hakuweza kurudi. Mama Mutua akagonga mlango wetu wa uani, watoto wamemshika nguo.

Ndugu yangu Juma alikuwa amesimama ukumbini. Juma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na siku ile hofu ilikuwa na sababu. "Dada," akaniambia, "wakijua wamo humu, wataichoma nyumba na sisi ndani."

Baba alikuwa kwenye mkeka wake, hajamaliza uradi. Alingoja amalize, ndipo aliposema, bila kuinua sauti, "Juma, hawa wamekaa nyuma ya nyumba yangu miaka yote hii na hawajanivunjia hata heshima ya salamu. Ukitaka kuogopa, ogopea nje. Mama Mutua, pita ndani."

Walikaa chumbani kwangu siku chache. Watoto walifundishwa kucheka bila sauti. Ilipoonekana kwamba hali haitulii, tuliamua niwavushe mchana kweupe, wakati watu wengi wako njiani. Nikamvisha Mama Mutua buibui langu, binti nikamfunga leso, na Mutua mdogo nikamshika mkono. Mama Mutua alikuwa na Kiswahili kizuri, lakini ukimsikia tu wajua ametoka wapi. Nikamwambia, "Ukiulizwa lolote, kohoa."

Tulikuwa tumeikaribia barabara kubwa tulipowakuta vijana wamesimama na marungu, wengine na mapanga. Mmoja akatutokea mbele. Alikuwa Hamisi, wa kidato cha nne, mwanafunzi wa Kilonzo mwenyewe, aliyekuwa akiandika insha za historia vizuri kuliko wote. Mkononi alikuwa na rungu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hamisi."

"Mwaenda wapi?"

"Nampeleka mgonjwa."

Mama Mutua akakohoa. Hamisi hakumtazama. Alikuwa akimtazama mtoto. Mutua alizoea kushinda kwenye uwanja wa shule kila alasiri akimngoja baba yake, na hakuna mwanafunzi wetu ambaye hakuwahi kumrudishia mpira. Mtoto naye alikuwa akimtazama Hamisi, na niliuhisi mkono wake ukitaka kuinuka kumpungia. Nikaubana.

Nyuma yake mtu akauliza kwa sauti, "Ni kina nani hao?"

Hamisi akajibu bila kugeuka. "Ni jamaa za mwalimu. Waacheni wapite."

Tukapita. Sikugeuka nyuma, na sikuharakisha, na hadi leo sijui miguu yangu ilipata wapi adabu hiyo.

Kilonzo alikuwa ng'ambo, kwenye kituo cha feri alikokuwa akishinda kila siku kuwangoja, na lile shati lake. Aliwashika watoto wake vichwa, mmoja mmoja, kama anayehakikisha ni wao. Kisha akanigeukia. Akasema, "Kidato cha nne wamemaliza Umoja wa Mataifa. Wanahitaji kurudia vita vya pili, sababu zake hawajazishika." Nikamwambia nitarudia nao. Siku ile ile wakapanda basi la kwenda kwao.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alinikabidhi kidato cha nne. Darasa lilikuwa nusu. Watoto wa bara walikuwa wamekwenda, karibu wote, na madawati yao yalikuwa pale pale kwa sababu hakuna aliyetaka kuyasogeza. Aliyebaki ni Agnes, binti wa muuguzi aliyekataa kuhama, akiketi mstari wa mbele peke yake. Nyuma kabisa, ukutani, alikuwa Hamisi. Tulisalimiana kama kawaida. Siri ile ilikuwa baina yetu kama meza, kila mmoja upande wake.

Wiki ya kwanza nilisahihisha tu na kurudia. Ya pili nikafika kwenye marudio ya Mapinduzi ya Kilimo, nikaanza kama Kilonzo alivyonifunza, na yule mkulima aliyeamka akakuta ua. Agnes akainua mkono, akasimama.

"Mwalimu, wale waliotolewa, walirudi?"

"Hawakurudi."

"Hata mmoja?"

"Waliotawanyika mijini, hapana."

"Basi na Mwalimu Kilonzo harudi," akasema, akaketi.

Nyuma nikasikia dawati likisukumwa. Hamisi alikuwa amesimama. "Na babu yangu je, mwalimu? Naye alilima hapa hapa, akakuta ua. Yeye nani amemwulizia kama alirudi?"

Agnes akamgeukia. "Ua huo aliuweka baba yangu?"

"Sijasema ni baba yako."

"Basi kwa nini ni sisi tuliofukuzwa?"

Ningeweza kuwaamuru wanyamaze. Mlango ulikuwa wazi na ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa jirani. Nikaenda nikaufunga mlango. Nikaifunga kamba ya Kilonzo dirishani, nikampa kila mmoja karatasi na kibanio, nikawaambia, "Hamisi, andika la babu yako ulibane mahali pake. Agnes, andika la mwezi uliopita ulibane mahali pake. Wengine, kila mwenye lake." Waliandika kipindi kizima na kile kilichofuata. Hamisi alikuwa wa mwisho kubana. Alibana mbili. Ya pili aliibana karibu na ya Agnes, akaigeuza maandishi yaelekee ukutani, nami sikuigeuza.

Mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mtu wa kutaka siku ipite salama, na katika mwaka ule sikumlaumu. "Mwalimu Mwanaisha, wakaguzi wakija wakute hayo dirishani, nitasema nini? Fundisha kilichomo kwenye silabasi."

"Kimo, bwana mkuu. Ni mada ya kidato cha pili."

Akaniomba nisibane tena karatasi za namna ile. Sikubana tena. Hazikuhitajika mara ya pili. Agnes na Hamisi hawakuwa marafiki, msifikiri hivyo. Lakini mtihani ulipokaribia niliwakuta wakiulizana sababu za vita vya pili, Agnes kwenye dawati la mbele, Hamisi amesogea hadi la tatu. Wote wawili walifaulu.

Kilonzo nilionana naye tena mara moja, miaka mingi baadaye, tulipokuwa tukisahihisha mitihani ya taifa Nairobi. Alikuwa na mvi na miwani. Tulikaa kwenye chumba cha kulia, chai imepoa, naye akawaulizia wanafunzi wa mwaka ule kwa majina yao. Alipofika kwa Hamisi nikamweleza habari za pale njiani. Aliweka kikombe.

"Mke wangu alinambia kuna kijana aliyewapitisha," akasema. "Hakulijua jina lake. Kumbe ni huyo?"

"Ni huyo."

"Siwezi kurudi Likoni, Mwanaisha. Nimejaribu kupanga safari, nafika kwenye kununua tiketi narudi nyumbani." Akakisogeza kikombe. "Lakini ni vizuri kulijua jina." Tukarudi kwenye marundo yetu ya karatasi. Alifariki baadaye huko kwao, nami habari zikanifikia mazishi yamekwisha.

Hamisi yuko hapa hapa, ni fundi wa majokofu, ana kibanda karibu na soko. Hatukuwahi kulizungumza lile jambo. Siku moja alikuja kutengeneza friji ya nyumbani kwetu. Alifanya kazi yake, akafunga mkoba, na alipofika mlangoni akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Mwalimu, yule mama alifika?"

"Alifika. Yeye na watoto."

"Alhamdulillahi," akasema, akavaa viatu akaenda.

Baada ya hapo, miaka ilifuatana kama miaka inavyofuatana kazini. Zikaja simu, wanafunzi wakawa wanajua tarehe kuliko mimi na maana kidogo kuliko zamani. Ukaja ugonjwa uliofunga shule zote, nikafundisha mageuzi ya viwanda kwa ujumbe wa sauti, jogoo wa jirani akichangia. Ukaja mtaala mpya, na semina za mtaala mpya, na semina za kueleza zile semina. Sikuupinga. Nilikuwa nimechoka mno kupinga kitu, na pengine mna haki ya kuanza na chenu. Ninachowaomba ni kidogo: msimwambie mtoto kwamba historia hubadilika siku moja saa fulani. Waliokuwemo hawakuijua siku hiyo. Walikuwa wakilima, wakifua, wakipeleka mgonjwa.

Kipindi changu cha mwisho kilikuwa cha kidato cha nne, joto lile la kabla ya mvua. Silabasi ilikuwa imekwisha. Nikawauliza swali lisilotoka kwenye mtihani: kwenu nyumbani, mgeuko mkubwa ulikuwa upi? Mmoja akasema siku umeme ulipoingia. Mwingine, siku mama alipokwenda Saudia kufanya kazi. Mwenzake akasema, siku mama yake yeye aliporudi. Kijana mmoja akasema siku babu alipouza shamba, akaongeza kwamba hawakuambiwa, walijua tu walipoona matofali ya aliyenunua.

Akasimama Riziki, msichana mrefu wa kando ya dirisha, ambaye muhula mzima nilikuwa sijasikia sauti yake zaidi ya kuitikia abee.

"Kwetu bado, mwalimu."

Wenzake wakacheka.

"Bado vipi, mwanangu?"

"Nyanya alilima shamba la watu. Mama anafua nguo za watu kule Nyali. Mimi namaliza shule. Hakuna kilichogeuka. Nasubiri."

Kwa mtoto kama huyo nilikuwa na maneno yangu, nimeyasema miaka yote, kuhusu elimu na subira na mlango utakaofunguka. Yalifika hadi kooni. Nikamtazama, nikaona ameyasikia kwa walimu wote waliopita, na anangoja kwa heshima niyamalize ili aketi.

"Umejibu sawasawa, Riziki," nikasema. "Keti."

Hakuketi. "Mwalimu, nikisema, wanacheka. Lakini sijamaliza."

"Basi njoo usimame hapa umalize."

Nikampa chaki. Akaja mbele akitazama chini, akaandika jina la nyanya yake juu kabisa ya ubao, na chini yake la mama, na chini yake lake, akaacha nafasi kubwa. Kisha akawageukia wenzake akaanza kuwaeleza nafasi hiyo ni ya nini. Nikaenda nikaketi mahali pake, kando ya dirisha. Dawati lilikuwa dogo, magoti yakagusa meza yake kwa chini. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyeniomba niinuke.